Namna ya kutumia muda wa ziada kukuza ujuzi na kufahamiana na watu wa taaluma yako

Watu wengi wanaotaka kupiga hatua katika kazi hupanga mambo mawili kana kwamba hayahusiani: muda wa ziada wanautenga kwa ajili ya kujisomea peke yao, na suala la kufahamiana na watu wanaliahirisha hadi siku watakayohitaji nafasi mpya. Ushauri wangu ni kuyaunganisha mambo hayo. Saa chache ulizo nazo zitumike kufanya kazi inayoonekana, mahali penye watu wanaoweza kuipima, ili ujuzi wako na jina lako vikue pamoja.

Anza kwa kuujua muda wenyewe. Wiki ina saa 168. Anayelala saa 8 kila usiku hutumia saa 56 usingizini. Ajira ikichukua saa 45, na safari za kwenda na kurudi zikichukua saa 10, zinabaki saa 57, na humo ndimo zinamoingia familia, shughuli za nyumbani na mapumziko. Kwa siku 7 mfululizo andika kila jioni ulichokifanya baada ya kazi, bila kujihukumu na bila kubadilisha chochote. Utakachokiona mara nyingi ni kwamba muda upo, ila umekatikakatika: dakika 15 hapa, nusu saa pale, na labda mara mbili kwa wiki saa 2 zisizo na usumbufu. Vipande hivyo havifanani kwa matumizi. Saa 2 kamili zinafaa kuandika, kutengeneza au kufanya mazoezi ya jambo gumu, ilhali dakika 15 zinatosha kujibu ujumbe, kumshukuru mtu au kusoma kurasa chache. Anayejaribu kujifunza jambo gumu kwa vipande vya dakika 15 huishia kuchoka na kudhani kwamba hana kipaji. Mapumziko nayo yaandikwe kwenye ratiba na yaheshimiwe, kwa sababu mpango unaokula usingizi haudumu hata mwezi.

Ukishaujua muda wako, chagua jambo moja tu kwa miezi 3, nalo liwe jambo litakaloacha kitu mkononi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza jitihada zao: wanakusanya vyeti vya mafunzo ya mtandaoni kimoja baada ya kingine, lakini mwajiri akiuliza wametengeneza nini, hawana cha kuonyesha. Sidharau mafunzo hayo. Nasema yaambatane na kazi. Mhasibu anayejifunza uchambuzi wa data anaweza kuandaa jedwali la bajeti kwa kikundi kinachotunza kumbukumbu za fedha zake kwenye daftari. Mwalimu anayetaka kuhamia uandishi wa mitaala anaweza kuandika somo moja kamili, akampa mwenzake alifundishe, kisha akalirekebisha kutokana na yaliyotokea darasani. Kazi ya namna hiyo, hata ikiwa ndogo, hukupa cha kuzungumza na watu, na hili lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mtu asiye na la kusema kuhusu kazi yake huishia kuomba tu.

Kisha fanya kazi hiyo mahali penye wengine. Mwaka 1727, Benjamin Franklin, akiwa kijana mpiga chapa mjini Philadelphia, Marekani, aliunda kikundi cha watu wachache waliokutana kila Ijumaa jioni kujadili maswali waliyoyaandaa na kusomeana maandishi yao. Wanachama wake walikuwa na kazi tofauti, akiwamo mshona viatu na mpima ardhi, na kutokana na mazungumzo yao ilizaliwa mwaka 1731 maktaba ya kuazimisha vitabu kwa michango ya wanachama. Jambo la kuiga ni muundo wake: siku maalumu, kundi dogo, na kila mtu kuja na kitu alichokifanyia kazi. Kundi la watu 4 au 5 linalokutana kila baada ya wiki 2 linatosha. Kama huna kundi, jitolee katika chama cha taaluma yako, hasa kwenye kazi ambazo wengine wanazikwepa, kama kuandaa ratiba ya mkutano au kuandika kumbukumbu za kikao. Anayeandika kumbukumbu hulazimika kuwasiliana na kila mtu, hivyo kwa mtu mwenye haya ni njia nzuri kuliko kusimama katikati ya ukumbi akitafuta wa kumsalimu.

Sasa tuje kwenye swali la nani wa kufahamiana naye, maana hapa dhana nyingi zina kasoro. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwachunguza watu wa kazi za kitaalamu, kiufundi na uongozi waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na makala yake ya mwaka 1973 ikaeleza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake inaeleweka: rafiki zako wa karibu wanazunguka mlemle unamozunguka wewe, kwa hiyo habari walizo nazo umeshazisikia. Mtu mliyefanya naye kazi miaka 3 iliyopita, ambaye sasa yuko katika taasisi nyingine, huwa na habari usizozijua.

Kwa hiyo orodha yako ya kwanza isiwe ya watu mashuhuri usiowajua. Andika majina 20 ya watu uliosoma nao, uliofanya nao kazi au uliokutana nao kwenye mafunzo, ambao hamjawasiliana kwa muda mrefu. Mwandikie mmoja kila wiki, kwa ujumbe mfupi unaomkumbusha mlipofahamiana na unaouliza jambo mahususi. Kwa mfano: “Habari za siku nyingi. Tulikuwa pamoja kwenye mradi wa ukaguzi wa hesabu miaka mitatu iliyopita. Siku hizi najifunza uchambuzi wa data, na nimefahamu kwamba idara yako inaufanya kila siku. Ukipata dakika 20 wiki hii au ijayo, ningeshukuru nikuulize mambo mawili kuhusu namna mnavyosafisha data kabla ya kuichambua. Kama una shughuli nyingi nitaelewa.” Akiwa ni mkubwa wako kwa umri au cheo, anza kwa salamu ya heshima inayomstahili. Usiambatishe wasifu wako na usiombe kazi. Ombi la kazi humweka mtu katika hali ya kukubali au kukataa, ilhali swali zuri humpa nafasi ya kusaidia kwa kile anachokijua.

Mkizungumza, heshimu dakika 20 ulizoomba, kisha mshukuru siku hiyo hiyo. Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi: baada ya mwezi mmoja hivi, mrudishie habari. Mweleze kwamba ulijaribu alivyokushauri, ukapata matokeo fulani, na umwonyeshe kazi yenyewe ikiwezekana. Anayetoa ushauri kwa kawaida hajui ulikoishia, na akiona kwamba maneno yake yalifanyiwa kazi, atakukumbuka siku nafasi itakapojitokeza bila wewe kuomba.

Lazima niseme wazi kwamba haya hayahusiani na zile ajira za kujuana ambazo watu huzilalamikia kwa haki. Kumwomba mtu akupitishe mlango wa nyuma, akupe maswali ya usaili au aliondoe jina la mwingine ni dhuluma, na humweka hatarini yeye aliyekusaidia. Unachoweza kumwomba kwa heshima ni kukujulisha nafasi inapotangazwa, kukueleza kazi yenyewe ikoje, au kuthibitisha ukweli wa kazi aliyoishuhudia ukiifanya.

Tunza daftari dogo au jedwali lenye jina la mtu, mlipokutana, anachoshughulikia na tarehe mliyowasiliana mara ya mwisho. Nusu saa kila mwisho wa wiki inatosha kulipitia. Humo pia utaona nani anahitaji kumfahamu nani: fundi anayetafuta mshirika, kijana anayetafuta mafunzo kazini. Kabla ya kumpa mmoja namba ya simu ya mwenzake, waulize wote wawili kwanza, kila mmoja peke yake, kisha waunganishe kwa ujumbe mmoja unaoeleza kwa sentensi mbili kila mmoja anafanya nini na kwa nini umeona vyema wazungumze.