Kuchagua boti ya kuvulia ghubani: anza na maji, boti baadaye

Boti ya kuvulia ghubani inadaiwa mambo mawili yanayogombana. Asubuhi ipite penye maji ya magotini, juu ya majani ya bahari na kando ya mikoko. Alasiri, upepo ukishachafua maji, ikuvushe ghuba nzima hadi gatini. Yenye tumbo bapa inaliweza la kwanza, na la pili litakuumiza mgongo. Yenye tumbo la V kali hukata wimbi vizuri, lakini inakwama pale pale samaki walipo. Kila boti utakayoonyeshwa ni mapatano kati ya kina na wimbi, na mapatano yanayokufaa huyajui kwa kutazama boti. Unayajua kwa kutazama maji.

Ninazozungumzia hapa ni boti za faiba zenye urefu wa futi 18 hadi 26, injini ya nje, usukani katikati, na nafasi ya kuzunguka pande zote huku samaki akiuvuta mshipi.

Hatua ya 1: Andika namba mbili

Ya kwanza ni kina cha mahali penye maji machache kabisa unapotaka kufika. Kipime maji yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), si wakati wa maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo), kwa sababu njia unayopita leo kwa raha inaweza kuwa fungu la mchanga mkavu wiki ijayo.

Ya pili ni upana wa eneo la wazi utakalolazimika kulivuka, pamoja na upepo unaovuma hapo saa za kurudi. Angalia na mkondo. Upepo ukipigana na mkondo, mawimbi husimama, yakawa mafupi na makali, na ghuba ndogo ikawa ngumu kuliko bahari kuu yenye wimbi refu lililolala.

Kama siku zako nyingi ni za maji machache na kuvuka ni mara moja moja, egemea kwenye kina. Kama unavuka kila utokapo, egemea kwenye wimbi. Asiyeandika namba hizi huishia kununua boti ya maji ya mtu mwingine.

Hatua ya 2: Usiridhike na kina kilichoandikwa na muuzaji

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kina kinachotangazwa, yaani maji ambayo boti inahitaji ili ielee, mara nyingi kimepimwa boti ikiwa nyepesi. Wewe utapakia watu watatu, barafu, betri, nanga, chambo na mafuta. Petroli ya lita 150 peke yake ni zaidi ya kilo 110. Uliza: kilipimwa na mzigo gani? Injini ilikuwa imeinuliwa au imeshushwa? Muuzaji asiye na jibu, muombe aishushe boti majini mkapime wenyewe, watu wakiwa ndani.

Kuna kina cha pili ambacho hakiandikwi kabisa, nacho ndicho kinachowakwamisha watu. Ukikanyaga mafuta, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, inazama kwanza kabla boti haijapanda juu ya maji na kuanza kuteleza. Boti inayoelea kwenye sentimita 30 inaweza kudai maradufu ya hapo ili ipande. Maana yake unaweza kuingia polepole, ukavua vizuri, maji yakaanza kupwa, na ukashindwa kutoka kwa mwendo. Katika majaribio, tafuta mahali penye mchanga laini na kina unachokijua, uone boti inahitaji kiasi gani ili ipande, na inatumia umbali gani.

Zipo njia za kupunguza kina hicho. Kifaa cha kuinua injini wima husaidia sana, mradi tundu za kunyonyea maji ya kupoza injini zibaki chini ya maji. Mfereji uliochongwa chini ya tezi nao huipandisha propela juu zaidi, ila unapunguza uwezo wa tezi kuelea, na boti nyingi za aina hiyo hazikati kona kwa wepesi. Mimi ningechukua kifaa cha kuinua kabla ya mfereji, isipokuwa kwa mtu ambaye maisha yake yote ni maji ya kifundo cha mguu.

Na tafadhali, popote penye majani ya bahari, inua injini ushike upondo au mota ya umeme. Propela ikilima majani yale, mfereji wake unaweza kubaki kwa miaka kabla haujafunikwa, na humo ndimo kamba na samaki wachanga wanamokulia.

Hatua ya 3: Soma tumbo la boti

Muuzaji atakupa digrii za V, yaani ukali wa pembe ya tumbo, nazo hupimwa kwenye tezi. Digrii 0 hadi 10 ni boti ya maji machache. Digrii 20 hadi 24 ni ya bahari kuu. Boti za ghubani nyingi ziko kati ya 12 na 18.

Usiishie kwenye namba hiyo. Zunguka mbele ya trela, chuchumaa, utazame kutoka omo kwenda nyuma. Sehemu ya mbele ndiyo inayokutana na wimbi kwanza. Omo ikiwa nyembamba na kali, kisha tumbo likalala taratibu kuelekea tezi, utapata mwendo mzuri bila kupoteza kina. Uzito nao una kazi yake: kati ya boti mbili zenye digrii sawa, nzito zaidi hugonga kidogo.

Kisha sikiliza. Zima injini kwenye viwimbi vidogo, mkae kimya. Kuna boti ambazo maji hupiga makofi chini ya kingo za tumbo lake muda wote. Ukivua kwa kunyemelea, kelele hiyo inawafukuza samaki kabla hujarusha ndoana. Wakati mko kimya hapo, watu wawili wasimame ubavu mmoja muone inalala kiasi gani.

Hatua ya 4: Pande na uwezo wa kuelea

Pande za chini zinarahisisha kurusha kimia, na upepo hauzishiki sana. Pande za juu zinakuweka mkavu na zinawalinda watoto. Chagua kwa namba zako mbili.

Boti zinazouzwa Ulaya hupewa daraja. D ni ya maji yaliyokingwa, upepo hadi nguvu 4 kwa kipimo cha Beaufort na mawimbi ya nusu mita kwa nadra. C inaruhusu hadi nguvu 6 na mawimbi ya hadi mita 2. Kwa ghuba pana nisingeshuka chini ya C. Marekani, boti za injini ya nje zilizo chini ya futi 20 hulazimika kujengwa zikijaa maji zibaki zikielea zikiwa sawa, hazipinduki. Boti iliyozidi urefu huo, muulize mjenzi waziwazi kama ameweka povu la kuelea, na ameliweka wapi.

Hatua ya 5: Sitaha

Tembea juu yake kana kwamba unavua: mbele, nyuma, zunguka usukani na fimbo mkononi. Palipo na kitu kinachonasa mshipi, patakusumbua kila siku. Tangi la chambo hai liwe na pembe za mviringo, kwa kuwa dagaa hujigonga kwenye pembe kali wakafa, na pampu yake izungushe maji bila kukoma.

Sitaha inayotoa maji yenyewe ni lazima. Hakikisha kwamba watu wote wakisimama nyuma, maji hayarudi ndani kupitia tundu zile zile.

Hatua ya 6: Injini

Boti nyingi zina kibao kinachoonyesha nguvu ya juu inayoruhusiwa. Usiizidi, na usishuke chini yake sana pia. Injini ndogo kwenye boti nzito hufanya kazi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, ikala mafuta na kuchakaa mapema, na inachelewa kupanda, jambo linalokurudisha kwenye tatizo la kina.

Urefu wa shafti uendane na tezi: inchi 20 au 25 ndizo za kawaida kwa boti hizi. Kwa kukadiria, injini ya mipigo minne yenye nguvu farasi 115 ikikanyagwa hadi mwisho inakunywa karibu lita 40 kwa saa. Gawanya tangi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba.

Propela ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Mkiwa na mzigo kamili, kanyaga hadi mwisho usome mizunguko ya injini kwa dakika. Ikishindwa kufika kwenye kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, propela ina mwendo mrefu mno (mwendo ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja). Kupunguza inchi moja ya mwendo huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200.

Hatua ya 7: Ikiwa imetumika

Gonga sitaha na tezi kwa kishikio cha bisibisi, sentimita kwa sentimita. Palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza ndani panatoa mlio mzito uliokufa. Inua injini nusu, uibonyeze kwa uzito wako huku mwenzako akitazama tezi. Ikicheza au ikionyesha nyufa pembeni, acha. Kuijenga upya tezi ni kazi kubwa, na bei nafuu haifidii.

Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Pima mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kati yao ikizidi asilimia 10 hivi, muite fundi kabla ya kutoa hata senti.

Hatua ya 8: Majaribio majini, na karatasi

Usijaribu asubuhi maji yakiwa kioo. Nenda saa ile mbaya uliyoiandika kwenye hatua ya kwanza, na mzigo wako, na watu wako. Endesha kuelekea wimbi, kwa ubavu, na wimbi likikufuata nyuma, maana boti nyingi nzuri mbele huyumba hapo. Vaa kamba ya kuzima injini, uijaribu. Marekani, tangu Aprili 2021, ni sheria kuitumia kwenye boti za chini ya futi 26, na hata pasipo na sheria hiyo boti isiyo na nahodha huzunguka na kumrudia aliyeanguka.

Mkirudi nchi kavu, fungua kifuniko cha ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, uone kama kuna maji mapya. Kisha tafuta namba ya boti kwenye tezi, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu, uilinganishe na hati, na namba ya injini vivyo hivyo. Namba moja ikipishana na karatasi, usilipe hadi mwenye boti alete maelezo yenye uthibitisho.