Kware wa nyumbani: usimfuge kama kuku mdogo

Wengi wakileta kware nyumbani wanamchukulia kama kuku aliyedumaa, anawekwa banda moja na kuku, chakula kilekile, chombo cha maji kilekile, alafu baada ya muda unasikia jamani mbona wanakufa. Kware amefugwa miaka na miaka ila uoga wa porini haujamtoka, na huo uoga ndo unatakiwa uuwaze ata kabla hujanunua mbao za banda.

Kware akishtuka, iwe ni paka amepita au mlango umebamizwa, hakimbii kama kuku, anaruka wima juu kichwa kikitangulia. Sasa paa likiwa juu sentimita 50 au 60 kutoka sakafuni anakuwa ashapata spidi ya kutosha, utamkuta utosi umechunika damu au shingo imevunjika kabisa. Fanya sentimita 25 hadi 30 tu, hapo ata akiruka hapati mwendo, au kama unataka banda la kuingia mtu basi lifike mita 2 na chini ya paa ufunge wavu laini. Hapo katikati ndo pabaya.

Fito za kulalia usihangaike nazo, yeye analala chini. Sakafu ya waya ni rahisi kusafisha lakini inawachubua miguu, afadhali maranda makavu na uyabadilishe mara kwa mara. Ukitaka kujua kama pananuka usisimame, chuchumaa mpaka usawa wao uvute pumzi, macho yakikuwasha ujue wao wanaishi humo usiku na mchana. Na beseni la mchanga mkavu usiwanyime: anajilaza ubavu, anapiga bawa, mchanga unaruka kila upande mpaka kwenye chakula, kwaiyo liweke mbali na chakula.

Vifaranga ndo kazi. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 35 hadi 37, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka manyoya yakamilike. Kipimajoto ni kizuri ila waangalie wenyewe, wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakijitenga pembeni midomo wazi wanaungua. Kifaranga wa kware ni mdogo kama kidole gumba, kisosoni tu cha maji anazama anakufa, jaza gololi au vijiwe visafi kwenye chombo mpaka maji yabaki kwenye vinafasi vya katikati. Gazeti usitandike siku za mwanzo, linateleza na miguu inapanuka moja huku moja kule, tandika kitambaa kisichoteleza.

Chakula nacho, starta (chakula cha kuanzia vifaranga) ya kuku wa mayai peke yake haiwatoshi, kifaranga wa kware anahitaji protini asilimia 24 hivi, ndo maana wengi wanatumia starta ya bata mzinga, na ukiisaga laini zaidi wanaila vizuri. Wakianza kutaga, asilimia 20 hivi inatosha, ila ongeza chanzo cha kalsiamu kama magamba ya chaza yaliyosagwa.

Kwa kware wa kawaida wa rangi ya kahawia, kuanzia wiki ya 3 kifua kinakwambia: jike ana madoadoa, dume ni rangi ya kutu bila madoa. Dume 1 kwa majike 3 mpaka 5, madume yakizidi wanang'oana manyoya ya kisogoni na majike ndo wanaumia zaidi. Wanaanza kutaga kati ya wiki ya 6 na 8, wakipata mwanga masaa 14 mpaka 16 kwa siku, ila kulalia mayai sahau, mara nyingi jike anataga anaondoka zake, utahitaji mashine ya kutotolea na vifaranga vinatoka siku ya 17 au 18. (Habari za mayai yake kutibu kila ugonjwa duniani mimi simo, ni yai tamu basi.)

Kuhusu kuchanganya na kuku, hapana. Kuku anaweza kubeba vijidudu akaonekana mzima kabisa wakati kware anakwisha navyo kwa siku chache, na kware anaficha ugonjwa, ukimuona ametuna manyoya, macho nusu, kinyesi maji maji, ashakuwa mbali. Mtoe siku hiyohiyo umweke peke yake kwenye joto, osha vyombo vyote, na umuite daktari wa mifugo kabla hujaanza kumwaga dawa za kubahatisha kwenye maji ya kundi zima.