Jinsi ya Kununua Gari-Nyumba kwa Muuzaji wa Mbali na Kulisajili kwa Jina Lako

Gari-nyumba, yaani gari au trela yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, hununuliwa mbali mara nyingi kuliko gari la kawaida, kwa sababu yadi zinazouza magari ya aina hii ni chache, na lile lenye mpangilio unaoifaa familia yako huenda liko mkoa mwingine au nchi nyingine kabisa. Mwongozo huu nimeuandika mara tu baada ya kukamilisha ununuzi wa namna hiyo, na umeegemea upande wa nyaraka kuliko upande wa gari lenyewe. Gari bovu hutengenezeka. Gari ambalo hati yake ya umiliki haijatoka halisajiliki, na lisiposajiliwa haliruhusiwi barabarani wala huwezi kumuuzia mtu mwingine, hata kama umelilipia lote.

Anzia ofisi itakayolisajili

Watu wengi humpigia muuzaji kwanza, wakalipenda gari, kisha ndipo wakaenda kuuliza masharti ya usajili. Nashauri ufanye kinyume. Nenda katika ofisi ya usajili ya mahali utakapoliweka gari, au waandikie, uulize mambo manne: ni nyaraka zipi zinazotakiwa na kama nakala zinakubalika au asili pekee; gari linapaswa kuwa na umri gani; nani analikagua na wapi; na kodi inakokotolewa kwa thamani ya ankara au kwa thamani wanayoikadiria wenyewe. Omba jibu kwa maandishi, kwa sababu ofisa utakayemkuta siku ya kusajili huenda si yule aliyekujibu.

Ikiwa gari linavuka mpaka wa nchi, suala la umri linaweza kumaliza mazungumzo mapema. Marekani, kwa mfano, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya nchi hiyo kwa kawaida huruhusiwa kuingia likishafikisha miaka 25 tangu kutengenezwa, na Kanada miaka 15. Angalia pia leseni yako ya udereva. Katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya daraja B, yaani ya magari madogo, kwa miaka mingi imekomea kwenye magari yasiyozidi kilo 3,500, na gari-nyumba kubwa huvuka kiwango hicho bila kuonekana kwa macho. Uzito unaohesabiwa ni ule wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibao cha gari, wala si uzito wa gari likiwa tupu. Mfumo wa umeme nao huuliziwa mapema: lililotengenezwa Ulaya hutumia volti 230 na hezi 50, la Amerika Kaskazini volti 120 na hezi 60, na kubadilisha mfumo mzima ni kazi ya fundi umeme mwenye kibali, tena ya gharama.

Nambari ya chasi, na deni lililojificha nyuma yake

Hapa ndipo nilipopoteza muda na fedha, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa kirefu.

Gari-nyumba lenye injini yake, lisilo trela, kwa kawaida limepita katika viwanda viwili. Kimoja hutengeneza chasi na injini, kingine hujenga nyumba juu yake. Kwa hiyo utakuta vibao viwili, nambari mbili, na pengine miaka miwili tofauti, kwa kuwa chasi inaweza kukaa kiwandani miezi mingi kabla ya kujengewa. Ofisi moja husajili kwa mwaka wa chasi, nyingine kwa mwaka wa nyumba, na tofauti hiyo hugusa kodi, bima na hata ruhusa ya kuingiza gari nchini. Mwombe muuzaji picha za karibu za nambari iliyogongwa kwenye chasi yenyewe, za stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, za kibao cha nyumba, na za hati ya umiliki pande zote mbili. Kisha kaa chini uzilinganishe herufi kwa herufi.

Nambari ya chasi ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kabisa herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Mkanganyiko unaobaki ni wa B na 8, S na 5, Z na 2. Kwenye ankara niliyotumiwa, tarakimu ya 8 ilikuwa imechapwa mahali ambapo chasi ina B. Muuzaji aliona ni jambo dogo, lakini mbele ya msajili hilo ni gari jingine, nami nilisisitiza ankara iandikwe upya kabla ya kulipa chochote. Sisitiza vivyo hivyo, kwa upole na bila kuchoka. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na nambari fupi zaidi ya fremu. Hilo ni la kawaida, ila iulize ofisi yako mapema namna inavyoiingiza kwenye mfumo wake.

Sasa deni. Magari-nyumba mengi hununuliwa kwa mkopo wa miaka mingi. Mmiliki wa kwanza akichoka, hulipeleka yadini akiwa bado anadaiwa, na mwenye yadi huahidi kulilipa salio benki. Mpaka salio hilo lilipwe na benki iachilie haki yake, gari ni dhamana ya benki, na hati safi haiwezi kutoka. Lakini gari lenyewe limeshasimamishwa yadini, limeoshwa, limepigwa picha na kutangazwa. Ndivyo lilivyokuwa gari langu. Kila nilipouliza, niliambiwa kwamba hati iko njiani, kumbe yadi ilikuwa ikizisubiri fedha zangu ndipo ilipe salio la mteja wao wa awali. Namba za muda, zile za kutembelea kabla gari halijasajiliwa, zilikwisha muda wake gari likiwa limeegeshwa, huku nikiendelea kulipa bima ya gari nisiloruhusiwa kulitoa getini.

Muuzaji hakuvunja ahadi yoyote iliyoandikwa, kwa kuwa mikataba ya kawaida ya yadi husema tu kwamba hati itatumwa baada ya malipo. Tarehe haimo. Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha zaidi ya arbuni, dai barua ya benki yenye nambari ya chasi inayosema waziwazi kwamba deni limelipwa na kwamba benki haina tena haki juu ya gari hilo. Maneno ya muuzaji kwamba deni limelipwa hayatoshi, na stakabadhi ya malipo aliyoyafanya leo haitoshi pia, kwa kuwa benki huchukua muda wake kuachilia hati.

Namna ya kuthibitisha hutofautiana kwa nchi. Marekani jina la benki inayodai huandikwa kwenye hati ya umiliki, na majimbo mengi sasa huihifadhi hati hiyo kielektroniki hadi deni liishe, hivyo muuzaji anaweza kusema kweli kwamba hana karatasi mkononi. Uingereza ile hati ya usajili iitwayo V5C humtaja mtunzaji wa gari aliyesajiliwa, na yenyewe hutamka kwamba si uthibitisho wa umiliki. V5C isiyo na dosari haikuambii lolote kuhusu mkopo, na lazima ulipie uchunguzi wa historia ya gari. Gari lililotoka Japani linapaswa kuwa na cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Likiwa jipya kabisa, ulizia cheti cha asili cha mtengenezaji kwa magari ya Marekani, au cheti cha ulinganifu kwa magari ya Ulaya, kwa sababu bila hicho usajili wa kwanza hukwama.

Ukigundua deni bado lipo, si lazima uliache gari. Omba benki itoe barua ya salio, ulipe kiasi hicho moja kwa moja benki kwa kutaja nambari ya mkopo na ya chasi, kisha umlipe muuzaji kinachobaki siku hati inapotoka. Njia nyingine ni akaunti ya amana inayosimamiwa na wakili au taasisi iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, ambayo huachilia fedha pale tu nyaraka zinapokamilika. Wakala huyo mchague wewe. Anayependekezwa na muuzaji mchunguze kama unavyomchunguza muuzaji.

Ukaguzi

Mtafute fundi asiye na uhusiano na yadi, aliyezoea magari-nyumba, maana fundi wa magari ya kawaida atakagua injini vizuri na kuiacha nyumba. Adui mkubwa ni maji. Yule niliyemwajiri aliwasha kamera, akapanda kitandani, akabonyeza kwa kidole gumba kila kona ya dari na pembezoni mwa dirisha la juu, kisha akaweka kipimo cha unyevu pale pale ili nione namba ikipanda. Mahali palipo laini, ubao wa ndani umeanza kuoza hata kama karatasi ya ukuta inang'aa.

Mwombe muuzaji awashe friji siku moja kabla, kwa sababu friji inayotumia gesi huchukua saa nyingi kupoa na haipimiki kwa dakika chache. Tairi zisome tarehe: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya husimama muda mrefu kuliko yanavyotembea, kwa hiyo tairi huzeeka zikiwa na kashata nzuri tu, na nyingi hupasuka barabarani kwa uzee. Muulize pia fundi gari linabaki na uwezo wa kubeba kilo ngapi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100, watu wanne na baiskeli zao huweza kumaliza nafasi yote iliyobaki.

Mkataba na malipo

Arbuni iwe ndogo, na mkataba useme kwamba itarudishwa endapo ukaguzi utaonyesha kasoro ya msingi au barua ya benki isipopatikana kufikia tarehe mnayoiandika. Andika tarehe hiyo kwa tarakimu na kwa maneno.

Kuhusu haki ya kughairi, usiishi kwa kudhani. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi binafsi aliyefunga mkataba na mfanyabiashara kwa mbali kwa kawaida ana siku 14 za kughairi tangu apokee mali, lakini ukisaini ukiwa yadini kwa muuzaji haki hiyo haipo. Kanuni ya shirikisho ya Marekani inayotoa siku 3 za kazi za kughairi haihusu mauzo yaliyofanywa yote mtandaoni au kwa simu.

Kabla ya kutuma fedha, piga simu kwa nambari uliyoipata wewe mwenyewe kutoka kwenye rejista ya biashara, usome nambari ya akaunti kwa sauti na upate uthibitisho. Wezi huingia kwenye barua pepe za wauzaji halali na kutuma ankara ileile, yenye nembo ileile, ikiwa na akaunti nyingine. Ujumbe wowote unaosema akaunti imebadilishwa uchukulie kuwa ni wizi mpaka uthibitishwe kwa simu hiyo.

Kulileta na kulisajili

Bima ianze kabla gurudumu halijageuka, na kampuni ya bima iambiwe wazi kwamba gari litatembea kwa namba za muda. Usiziombe namba hizo mpaka hati ya umiliki iwe mkononi, kwa sababu siku zake huhesabiwa tangu zinapotolewa, gari liwe linatembea au limesimama. Kama gari linakuja kwa meli, mitungi ya gesi iondolewe au ithibitishwe kuwa mitupu, na vitu visivyofungwa visiachwe ndani, kwani bima ya shehena mara nyingi haivigusi. Wakati wa makabidhiano piga video ukizunguka gari, ukionyesha odometa na nambari ya chasi katika picha moja isiyokatika.

Usajili wenyewe, ukifika na nyaraka zote, ni hatua rahisi kuliko zote. Beba hati ya asili, mkataba, ankara, barua ya benki, cheti cha ukaguzi, stakabadhi za forodha kama zipo, na yale majibu ya maandishi uliyoyapata mwanzoni. Kama mtu mwingine anakuwakilisha, hati ya uwakilishi itaje nambari ya chasi na kazi mahususi anayoruhusiwa kuifanya. Ya jumla huweza kukataliwa. Kadi mpya ikitoka, isome ungali dirishani, ukiilinganisha na picha ya chasi iliyo kwenye simu yako, kwa kuwa kosa la herufi moja husahihishwa pale pale kwa dakika chache, lakini ukishaondoka huanza maombi mapya. Kisha tuma nakala ya kadi kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo, kwa sababu bima uliyonayo bado inataja namba za muda.