Kabla Hujachagua Programu ya Kutuma Jarida la Tovuti Yako

Mtu anayetafuta programu ya kutuma jarida la barua pepe kwa kawaida huanza na violezo: kipi kinapendeza, kipi kina rangi zinazooana na nembo. Hayo yaache mwisho. Kama tovuti yako inaendeshwa na WordPress, Drupal au Joomla, jambo la kwanza kuuliza ni barua zitatoka kwenye seva gani, yaani kompyuta gani ya mtandaoni. Kuandika makala ni kazi moja, na kuzifikisha kwenye vikasha vya maelfu ya watu ni kazi nyingine kabisa.

WordPress ikiachwa ilivyo hutuma barua kupitia seva ileile inayohifadhi tovuti. Ukiwa kwenye kifurushi cha bei nafuu cha kuhifadhi tovuti, seva hiyo unaigawana na tovuti za watu wengine usiowajua. Mmoja wao akimwaga barua taka, sifa mbaya ya seva inawaangukia wote. Isitoshe, kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huweka kikomo cha barua kwa saa. Waulize kikomo hicho ni kipi kabla hujalipia chochote. Ukiwa na wasomaji 3,000 na kikomo ni 200 kwa saa, toleo lililoanza kutoka saa kumi na mbili asubuhi litamfikia msomaji wa mwisho saa tatu usiku.

Kuna jambo jingine wengi hawaambiwi. Ratiba ya kazi ndani ya WordPress huamshwa na mtu anapofungua tovuti. Umepanga jarida liondoke saa kumi na moja alfajiri, na hakuna aliyeingia kwenye tovuti hadi saa mbili? Barua zitabaki kwenye foleni hadi huyo mtu aje. Kwa hiyo hakikisha seva yako inaruhusu ratiba ya kweli ya seva, inayojiamsha yenyewe saa ikifika, au chagua programu yenye huduma yake ya kutuma. MailPoet ni plagini (programu ya nyongeza) ya ndani ya WordPress, lakini inaweza kutumia huduma yake yenyewe; Mailchimp hutuma kutoka kwenye seva zake; Simplenews, programu ya nyongeza ya Drupal, hutegemea njia ya barua uliyoiweka wewe.

Baada ya hapo, vitambulisho. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli, amwezeshe msomaji kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM. Hizi ni rekodi zinazowekwa kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa chako (jina la tovuti yako mtandaoni), na hapo ndipo taasisi nyingi hukwama: kikoa kilisajiliwa na fundi aliyetengeneza tovuti, nywila anayo yeye, na siku hizi hapokei simu. Mtafute huyo kwanza. Bila funguo za kikoa, programu yoyote utakayonunua itatuma barua zinazotiliwa shaka.

Neno "inaunganishwa na tovuti" nalo ulipime. Kwa programu moja maana yake ni fomu ya kujiandikisha tu. Kwa nyingine, makala mpya huingia kwenye jarida yenyewe, pamoja na picha yake. Nyingine inamjua hata aliyefungua akaunti au kununua kitu kwenye tovuti. Amua unahitaji kipi, kisha ukijaribu kwenye nakala ya majaribio ya tovuti.

Orodha ya wasomaji ndiyo mali yenyewe, kwa hiyo angalia mlango wa kutokea mapema. Huduma ya majarida ya Revue ilifungwa Januari 2023, na nyingine, TinyLetter, Februari 2024, na waliokuwa wakizitumia walilazimika kuhama na orodha zao. Programu ikupe faili la CSV (jedwali ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma) lenye tarehe ambayo kila mtu alijiandikisha, na pia majina ya waliojiondoa. Ukihama bila hayo ya mwisho utawaandikia tena watu waliokukataa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara.

Bei ni fupi kueleza: uliza kama unatozwa kwa idadi ya watu au ya barua. Mailchimp huhesabu hata waliojiondoa, hadi uwahamishie kwenye kumbukumbu.

Kisha tuma toleo moja kwa anwani zako za Gmail na Yahoo, ulifungue kwenye simu ya bei ndogo kwa data ya kawaida. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unapita takriban kilobaiti 102, na kiungo cha kujiondoa, ambacho huwa chini kabisa, hupotea pamoja na kipande kilichokatwa. Kibofye, uone kama kweli jina lako limetoka kwenye orodha.