Ukifungua mgahawa, watu wako uwaongoze hivi

Kabla hujanunua meza na friza kaa chini ujiulize huu mgahawa unataka ujulikane kwa kitu gani zaidi ya wali na chipsi mayai, ukishapata jibu liweke kwa lugha ambayo hata dada wa vyombo ataielewa, mfano "chakula cha jana hakiuzwi". Basi, imetosha, mabango ya maono na dhamira hayasomwi na mtu.

Kazi iko kwenye kuisimamia. Siku nyama ya jana imebaki sufuria nzima na wateja wamejaa, wafanyakazi wote watakuangalia wewe, ukisema "pasheni tu" ujue hiyo ndo sheria mpya ya jikoni.

Sahani ikivunjika usikimbilie kukata mshahara (mabosi wengi hapa Dar wanapenda sana hii, na wafanyakazi nao wanaanza kuficha vipande chini ya sinki), uliza kwanza kimetokea nini, labda sakafu ina mafuta. Tipu nazo weka kopo moja, mgawane jioni mbele ya wote, mpaka mpishi apate.

Na masaa jamani! Sheria ya ajira ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, likizo siku 28 kwa mwaka, mzazi wa kike siku 84, ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Mtu anaingia saa kumi na moja alfajiri anatoka saa nne usiku halafu unamwambia "sisi ni familia"? Panga shifti mbili, mshahara tarehe ileile kila mwezi.