Bolti ya manifoldi ya ekzozi ikigoma kufunguka

Usikimbilie kurefusha spana kwa bomba. Bolti ya M8 (kipenyo cha milimita 8) iliyopikwa na joto la ekzozi kwa miaka haishindani na nguvu, inakatika tu, na kipande kinabaki ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini ambako manifoldi (bomba la kukusanya moshi) imefungwa.

Injini ikiwa imepoa, sugua kutu kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Huna? Changanya ATF (mafuta ya gia otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, utikise kila unapotumia maana havikai pamoja. Kisha gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka. Mtikisiko ndio unaopasua kutu na kuyapa mafuta njia.

Tumia soketi ya pembe 6. Ya pembe 12 inashika konani na kuila bolti. Ikisogea kidogo, usiendelee kuvuta: irudishe kama unakaza, ongeza mafuta, legeza tena. Ukihisi inajipinda kama mpira, bila ule mlio wa "kak!", simama, iko karibu kukatika.

Moto uje mwisho. Futa mafuta yote, asetoni iwe mbali, na mabomba ya petroli yasiwe jirani. Pasha hedi kuizunguka bolti, si bolti yenyewe: hedi ikiwa ya alumini, hutanuka kuliko bolti ya chuma, tundu linalegea.

Imekatika na kibutu kimechomoza? Chomelea nati juu yake, ngoja ipoe kiasi, fungua taratibu. Mara nyingi joto la kuchomelea pekee limeshamaliza kazi.