Somo: Matoleo mengi ya Python kwenye kompyuta moja kwa pyenv

Mradi wa zamani uliokuwa ukienda vizuri unaweza kugoma siku utakapouendesha kwa Python 3.12, ukakutolea `ModuleNotFoundError: No module named 'distutils'`. Hujagusa hata mstari mmoja. Ni kwamba distutils, moduli ya zamani ya kufungasha na kusakinisha programu za Python, iliondolewa kwenye toleo hilo, lililotoka mwaka 2023.

Wengi hapo hukimbilia kung'oa Python ya mfumo ili waweke nyingine. Nawasihi, msifanye hivyo. Kwenye Linux kuna programu za mfumo wenyewe zinazoitegemea, na unaweza kufika mahali hata terminali haifunguki. Iache ilipo, weka pyenv, zana inayokuwezesha kuwa na matoleo kadhaa ya Python na kuchagua la kutumia.

Hatua ya 1: vifaa vya kujengea

Kwa kawaida pyenv huchukua msimbo chanzo wa Python na kuujenga hapohapo kwenye mashine yako. Kwa hiyo usiiruke hatua hii. Kwa Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install build-essential curl git libssl-dev zlib1g-dev libbz2-dev libreadline-dev libsqlite3-dev libffi-dev liblzma-dev
```

Hatua ya 2: pyenv yenyewe

```
curl -fsSL https://pyenv.run | bash
```

Hatua ya 3: mistari mitatu mwishoni mwa `~/.bashrc`, faili inayosomwa kila terminali ya bash inapofunguka

```
export PYENV_ROOT="$HOME/.pyenv"
export PATH="$PYENV_ROOT/bin:$PATH"
eval "$(pyenv init - bash)"
```

Funga terminali, fungua mpya.

Mstari wa tatu ndio wenye kazi kubwa. Unaitanguliza folda ya `~/.pyenv/shims` mbele ya PATH, yaani orodha ya folda ambamo terminali hutafuta amri. Humo mna faili ndogo zenye majina kama `python` na `pip`; mimi huziita mabawabu. Ukiandika `python`, bawabu ndiye anayeitika kwanza. Anatazama kama umeweka PYENV_VERSION, kigezo cha terminali kinachotaja toleo. Hakuna? Anatafuta faili ya `.python-version` kwenye folda uliyomo, halafu anapanda folda za juu yake moja baada ya nyingine. Akikosa kote, anashika toleo ulilopanga kwa `pyenv global`. Ushike mpangilio huu, maana karibu kila tatizo la "mbona toleo silo" linatatuliwa kwa kuufuata kutoka juu kwenda chini.

Hatua ya 4: weka toleo, lifunge kwenye mradi

```
pyenv install 3.11
cd mradi-wangu
pyenv local 3.11
pyenv version
```

Ujenzi huchukua dakika kadhaa, usiukatishe. Amri ya mwisho hukuonyesha toleo pamoja na faili iliyolichagua.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeandika `pyenv local 3.11` lakini `python --version` bado inasema 3.12. Nimekosea wapi?*

Andika `which python`. Jibu lisipoishia na `.pyenv/shims/python`, basi ama mistari ya hatua ya 3 haijasomwa, ama una venv (mazingira ya pekee ya vifurushi vya mradi mmoja) iliyowashwa inayomtangulia bawabu; izime kwa `deactivate`. Kama njia ni sahihi, huenda uliwahi kutumia `pyenv shell` kwenye dirisha hilo. Hiyo huweka PYENV_VERSION, nayo inashinda faili. Ifute kwa `pyenv shell --unset`.

*Python imejengwa vizuri, ila naambiwa hakuna moduli `_ctypes`.*

libffi-dev haikuwepo wakati wa kujenga. Iweke, kisha `pyenv install --force 3.11`. Kuiweka tu bila kujenga upya hakusaidii.

*Kwa hiyo venv siihitaji tena?*

Unaihitaji, ndugu. pyenv huchagua toleo la Python. Venv hutenganisha vifurushi vya mradi mmoja na mwingine. Chagua toleo kwanza, kisha `python -m venv .venv`. Na ukiliondoa toleo hilo baadaye, venv iliyotokana nalo itavunjika, kwa hiyo itengeneze upya.

*Nikitumia `sudo python` napata ile ya mfumo.*

Ndivyo ilivyo: sudo, amri ya kuendesha kitu kama msimamizi, kwa kawaida hutumia PATH yake, mabawabu wako hawamo. Ukilazimika, andika `sudo "$(pyenv which python)"`. Ila kwa `pip`, sudo usiiguse kabisa; vifurushi vyako viko ndani ya folda yako mwenyewe.